Wikendi na siku ya posho: neno moja la mapumziko na maana yake kwetu

Utangulizi

Kati ya maneno ya kigeni yaliyoingia mu Kiswahili chetu cha Lubumbashi, wikendi ni moja ya yale ambayo hakuna mutu anaulizaka tena lilitoka wapi. Mwanafunzi analitumia, mama muuzaji wa unga ku soko analitumia, mchungaji analitumia kanisani, na mtangazaji wa radio anafunga nalo habari za Ijumaa: "Tunawatakia wikendi njema." Hata mutu ambaye hajasoma Kiingereza hata siku moja analitamka bila shida.

Ndugu msomaji, kijitabu chetu kinachunguza desturi. Labda utauliza kama neno la Waingereza liko na fasi ndani yake. Ninajibu kwamba liko nayo. Kupumzika ni desturi sawa na kuoa, kuzika, ao kugawanya mavuno. Na jina ambalo watu wanaupa wakati wao wa kupumzika linaonyesha vizuri ni nani aliyeupima wakati ule na kwa faida gani.

Kila mara tunapozungumza juu ya lugha, watu wanagawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unasema: neno limeingia, tuliache, ni maendeleo. Upande wa pili unasema: tulifute, tuseme "mwisho wa juma" sawa vile vitabu vinaandika. Ninawaheshimu wote, lakini ninaona kwamba pande zote mbili zinapita kando ya jambo lenyewe. Wa kwanza hawaulizi neno linataka kusema nini. Wa pili wanalibadilisha na maneno ambayo, tukiyahesabu vizuri, yanaharibu hesabu. Nitaeleza.

1. Neno lilitoka wapi

Waingereza wenyewe hawakuwa na wikendi tangu zamani. Walikuwa na siku ya Mungu, na basi. Wafanyakazi wengi wa ufundi, kisha kulipwa na kunywa, walikuwa wanakosa kazi siku iliyofuata Jumapili. Waliita desturi hiyo kwa mchezo "Mtakatifu Jumatatu", sawa vile kalenda ya kanisa ina watakatifu wake. Wenye viwanda hawakuipenda hata kidogo, juu mashine haipendi kungojea mutu.

Mwaka wa 1850 sheria ya viwanda ya Uingereza iliamuru kwamba katika viwanda vya nguo wanawake na vijana waache kazi saa 8 za mchana siku ya Jumamosi. Kidogo kidogo nusu siku hiyo ilienea kwa wafanyakazi wengine, na Jumatatu ile ya ulevi ikapotea. Kwa hiyo mapumziko ya Jumamosi hayakushuka kutoka mbinguni. Yalitoka katika mapatano marefu kati ya wenye viwanda, wafanyakazi, makanisa na serikali.

Neno lenyewe lilielezwa mu gazeti moja la London mwaka wa 1879. Gazeti lilisema kwamba katika jimbo la Staffordshire, mutu akimaliza kazi yake ya juma Jumamosi mchana, akatoka kwake kwenda kukaa na rafiki zake fasi ya mbali mpaka Jumapili, wanasema anapitisha wikendi kwa fulani. Msomaji aangalie vizuri maana hii. Wikendi ilikuwa ni safari ya kutembelea watu. Mutu asiyetoka kwake kwenda kwa mwenzake hakusemwa kuwa alifanya wikendi. Nitarudia jambo hili huko mbele.

Wafaransa walilichukua neno mwanzoni mwa karne ya 20. Ufaransa ilipata sheria ya mapumziko ya kila juma mwaka wa 1906, na Ubelgiji ilikuwa imetunga ya kwake juu ya Jumapili mwaka wa 1905. Nusu siku ya Jumamosi waliiita "juma la Kiingereza". Kule Marekani, Henry Ford alileta juma la siku 5 katika viwanda vyake mwaka wa 1926. Alieleza bila kuficha kwamba mfanyakazi mwenye nafasi ya kutembea ndiye atakayenunua motokari. Ufaransa ilipata juma la saa 40 mwaka wa 1936. Hata hivyo kuna Wafaransa waliolikasirikia neno. Étiemble aliandika kitabu kizima mwaka wa 1964 juu ya Kifaransa kilichochanganywa na Kiingereza, na watu wa Québec mpaka leo wanasema "mwisho wa juma" kwa Kifaransa chao. Ugomvi wetu basi si wa kwanza duniani.

Sisi tulilipata neno kwa mkono wa Kifaransa. Hapo kuna tofauti kati yetu na ndugu zetu wa mashariki. Mtanzania anaandika wikiendi, Mkenya wikendi. Wote wawili wanalo pia neno wiki, lililotoka Kiingereza, na kwa hiyo wanasikia "wiki" ndani ya "wikiendi". Sisi mu mdomo wetu tunasema juma, ao posho, ao tunachukua neno la Kifaransa. Kwetu, wikendi ni jiwe moja lisilopasuka. Hatusikii ndani yake wala juma wala mwisho. Tunasikia tu: siku za kutofanya kazi.

2. Mwisho wa juma gani?

Tufike sasa kwa wale wanaotaka "mwisho wa juma". Maneno ni mazuri, na mimi mwenyewe ninayaandika ubaoni. Lakini tuhesabu pamoja.

Juma ni neno la Kiarabu, na ni jina la siku ya sala ya Waislamu. Watu wa pwani walianza kuhesabu siku kisha Ijumaa: Jumamosi, yaani ya kwanza, Jumapili, ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kisha wanaacha kuhesabu Kibantu na kushika Kiarabu: Alhamisi, ambayo pia inataka kusema ya tano, na Ijumaa. Kwa hesabu hiyo mwisho wa juma ni Ijumaa yenyewe. Jumamosi na Jumapili ni mwanzo wa juma. Mutu anayesema "mwisho wa juma, Jumamosi na Jumapili" anasema kwa kweli "mwisho, siku ya kwanza na ya pili".

Wakristo nao wanajua kwamba Jumapili ni siku ya kwanza, siku ya ufufuo. Hata katika kalenda ya zamani ya Waingereza Jumapili ilisimama mbele ya siku zote. Kwa hiyo hata kwao "mwisho" ule haukuwa mwisho wa kalenda. Ulikuwa mwisho wa kazi. Ni kazi ya mshahara ndiyo iliyochukua kalenda ya kanisa na kuigeuza.

Hapa kwetu hesabu ni nyingine tena. Mu Kiswahili cha Kongo tunasema siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine, ya tano, kisha siku ya posho na siku ya yenga, ao siku ya Mungu. Siku yetu ya kwanza ni Jumatatu ya vitabu. Siku yetu ya tatu ni Jumatano ya vitabu. Kila mwalimu wa mwaka wa kwanza sekondari anajua makosa yanayotoka hapo: mtoto anasoma "Jumatatu", anasikia "tatu", na anafika ku mutihani siku mbili nyuma. Tusimcheke. Yeye anahesabu vizuri kwa kalenda ya mama yake. Ni sisi walimu ambao hatumwelezi kwamba kuna kalenda mbili, na kwamba kila moja iko na akili yake.

3. Siku ya posho

Sasa tuangalie jina letu wenyewe la Jumamosi, juu ndani yake kuna historia nzima ya inchi hii.

Posho ni neno la misafara. Karne ya 19, wapagazi waliotoka pwani kuja mpaka kwetu walikuwa wanapewa chakula ao kitambaa cha kununulia chakula njiani. Hiyo ilikuwa posho. Wabelgiji walipofika walikuta neno na desturi, wakavichukua vyote viwili. Union Minière ilipoundwa mwaka wa 1906, na mji huu ulipozaliwa mwaka wa 1910, mfanyakazi wa mgodi alikuwa anapata sehemu ya malipo yake kwa chakula: unga, maharagi, chumvi, samaki ya kukauka, nyama. Chakula kilipimwa kwa juma. Siku ya kukipokea ikawa siku ya posho. Neno likapanuka mpaka likawa juma lenyewe: "posho mbili" ni majuma mawili. Kilingala nacho kiko na poso, ambayo ni juma, na ni Jumamosi pia.

Mutu anaweza kusema: ni jina la utumwa, tuliache. Wengine wanasema hivyo, na ninawaelewa. Jina linaonyesha mutu amesimama mu mustari na mfuko, anangojea tajiri amupimie unga. Lakini ninauliza: wikendi inaonyesha nini tofauti? Nayo ni wakati uliopimwa na mwenye kiwanda. Posho ilikuwa malipo ya chakula. Wikendi ni malipo ya saa. Majina yote mawili ni watoto wa kazi ya mshahara. Tofauti iko hii: siku ya posho inasema wazi kwamba kuna anayegawa na anayepokea. Wikendi inaficha jambo hilo, na inafanya watu wafikiri kwamba mapumziko ni mali ya kila mutu, sawa jua na mvua.

Hata nusu siku ile ya Jumamosi haikukaa huru siku zote. Miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, ilichukuliwa na salongo: kufagia barabara, kulima shamba la serikali, kuchimba mifereji. Ng'ambo ya mpaka, mu Rwanda, umuganda unachukua asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Sisemi kwamba kazi ya pamoja ni mbaya. Ninasema tu kwamba wakati wa mapumziko ni shamba lenye majirani wengi, na kila mmoja anasukuma mpaka wake.

4. Ni nani aliye na wikendi?

Hapa njo fasi inaniuma zaidi. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaamuru kwamba kazi isipite saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Ni sheria nzuri. Lakini inahesabu saa za mutu aliye na mwajiri. Mwaka wa 2003 Gécamines iliwaaga kwa mara moja zaidi ya wafanyakazi 10.000, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Katika nyumba hizo, kalenda ilianguka pamoja na mshahara. Siku ya posho haikuleta posho tena. Baba aliyekuwa na wikendi akawa mutu aliye na siku saba zinazofanana.

Leo angalia mji. Mama wa soko anauza zaidi siku ya posho, juu njo siku watu wako na nafasi ya kununua. Mwenye pikipiki anabeba watu wengi zaidi siku ya yenga, wakati wa kanisa. Mchimbaji wa mikono kule Kolwezi hapumziki kwa kalenda. Anapumzika wakati shimo limejaa maji ao mwili umechoka. Mwalimu wa sekondari, kisha kufundisha asubuhi ya siku ya posho, anaenda kufundisha fasi nyingine ili aongeze mshahara, ao anashika njia ya shamba. Mwenyewe anawaambia wanafunzi "wikendi njema", na anajua vizuri kwamba yeye haendi ku wikendi.

Hata kwa wanafunzi neno halisemi sawa. Mtoto wa familia ya Waadventista anaacha kila kitu Sabato, na shule inamhesabia kukosa masomo ya siku ya posho. Mtoto Mwislamu, kama walivyo wengi kule Kasongo, siku yake ya sala ni Ijumaa, na hakuna anayemwambia Alhamisi jioni "wikendi njema". Neno linajifanya la watu wote, lakini lilikatwa kwa kipimo cha mutu mmoja: mfanyakazi Mkristo mwenye mwajiri anayelipa kwa wakati.

Kwa hiyo neno limebadilika maana mu mdomo wetu. Lilikuwa wakati, limekuwa cheo. Sikiliza vijana. Wakisema fulani "anafanyaka wikendi", hawasemi kwamba anapumzika. Wanasema kwamba iko na feza: anakunywa, anakula nyama ya kuchoma, anavaa, anaonekana. Asiye na feza, hata akilala siku mbili mzima, hawasemi alikuwa na wikendi. Wanasema alishinda tu ku nyumba. Ndiyo maana ninaona kwamba upande wa kwanza, ule wa "tuliache, ni maendeleo", hausikilizi vizuri. Neno linalofundisha vijana kwamba kupumzika ni kununua si neno la kuacha bila kuulizwa swali.

5. Yale tuliyokuwa nayo

Je, wazee wetu hawakupumzika? Walipumzika, lakini hawakuhesabu kwa saba. Kule magharibi ya inchi, Wakongo walikuwa na juma la siku 4: Nkandu, Konzo, Nkenge na Nsona, na soko zilifuata majina hayo. Fasi nyingi soko ndiyo iliyopanga siku, na soko ilikuwa kazi na mapumziko pamoja: mutu aliuza, alisikia habari, alitafuta mke, alimaliza magomvi. Mvua na kiangazi vilipanga mengine. Kisha mavuno kulikuwa na wakati mrefu wa ngoma na ndoa, ambao hakuna tajiri aliyeugawa.

Mji nao ulijitengenezea mapumziko yake ndani ya yale uliyopewa. Mu kambi za migodi, hapa na kule Copperbelt, Jumapili ilikuwa siku ya mbeni na kalela. Kalela ya Luanshya ilichunguzwa na mwalimu J. Clyde Mitchell, aliyeandika juu yake mwaka wa 1956. Wafanyakazi walivaa suti na viatu vya kung'aa, wakaimba juu ya makabila, wakacheka wakubwa kwa akili. Mwaka wa 1939 mapadri Wabenedikto walianzisha Saint-Georges ili vijana wapate mchezo wa kuwaweka vizuri siku za mapumziko. Mchezo ule ulitoka mikononi mwa mapadri, ukawa wa mji: leo tunauita Mazembe. Watu walipokea Jumapili iliyopangwa na wengine, na wakaijaza mambo yao wenyewe.

Na lugha yetu iko na maneno ya kutosha kwa mambo hayo. Tuko na kutembea, ambayo kwetu ni kwenda kuona watu. Tuko na kushinda kwa mutu, yaani kukaa kwake kutwa nzima bila sababu nyingine kuliko yeye. Tuko na kuongea, tuko na barza ya nyumba ambako watu wanakaa jioni, tuko na kilio ambacho kinakusanya jamaa siku mbili ao tatu. Mgeni atasema kilio si mapumziko. Lakini aulize watu wa kwetu ni wapi walionana mwisho na wajomba wao.

Hapo ninarudia ile maana ya mwaka wa 1879. Mfanyakazi wa Staffordshire aliyeacha kazi Jumamosi mchana na kwenda kulala kwa rafiki yake, alifanya nini kuliko kutembea na kushinda kwa mutu? Neno wikendi lilipozaliwa lilikuwa karibu sana na desturi yetu kuliko vile lilivyo leo mu mdomo wa vijana wetu. Lilipoteza wageni wake njiani, likabaki na chupa.

6. Mapendekezo

Kwa kumaliza, ninaweka mbele ya wasomaji, zaidi walimu wenzangu, mambo manne.

Kwanza, tusifute wikendi. Neno ambalo watu wote wanasema halifutwi kwa amri ya mwalimu. Lakini tuwaeleze wanafunzi historia yake: kwamba ni wakati uliopiganiwa na watu waliofanya kazi, na kwamba mutu akisema wikendi bila kazi na bila mshahara, anasema neno tupu.

Pili, tufundishe kalenda mbili pamoja ubaoni, ile ya vitabu na ile ya nyumbani, mustari kwa mustari. Siku ya kwanza ni Jumatatu. Siku ya tatu ni Jumatano. Siku ya posho ni Jumamosi. Siku ya yenga ni Jumapili. Somo la nusu saa litaondoa makosa ya miaka.

Tatu, tusione haya kwa siku ya posho. Ni ukumbusho wa watu waliochimba shaba iliyotajirisha wengine, wakalipwa kwa unga. Mji hauna makaburi mengi ya kuwakumbuka wapagazi na wachimbaji hao. Jina la siku moja kila juma si kidogo.

Ine, tuwaombe wakubwa wa shule, wa makanisa na wa vyama wafikiri vizuri kabla ya kujaza Jumamosi na Jumapili kwa mikutano, michango na mazoezi. Mwanamke aliyefanya kazi siku tano ku soko, siku ya sita ku maji na nguo, siku ya saba kanisani na mu kamati, hana wikendi katika lugha yoyote.

Wazee wanasema haraka haina baraka. Tunalisema kwa watoto wanaokimbia, lakini mutu mzima asiyepata siku ya kukaa na wenzake naye anakimbia, hata kama ameketi. Kama kijana wetu atasema wikendi, na akilisema ataamka aende Katuba kushinda kwa shangazi yake ambaye hajamwona tangu mwezi, basi mimi sitakuwa na ugomvi naye, wala na Waingereza.